Foleni ya Odiel Schoonjans

Jumanne, 7 Oktoba
Barua kutoka halmashauri ya mji. Uwanja utang'olewa mawe upangwe upya, na kati ya vibanda viwili vya chipsi kitabaki kimoja. Changu, au cha Godelieve Baeten, yule mjane wa upande wa pili anayecheka hata akimenya viazi. Jumapili saa sita mchana ofisa atakuja kimyakimya kuona watu wanapenda wapi. Miaka kumi na tisa nimekaanga hapa! Nikikosa kibanda nitabaki nani? Mzee anayenuka mafuta ya ng'ombe ya kukaangia, bila sababu.

Mke wangu Mit anasema dawa ni moja: viazi vikitoka mafuta ya kwanza vipumzike nusu saa, ndipo virudi mafuta ya pili, kama afanyavyo Godelieve. Mimi huvipumzisha kwa muda wa kupenga kamasi. Kiazi kimefanya kazi gani hata kichoke? Nilimuuliza hivyo. Akabamiza mfuniko.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeshinda dirishani na darubini ya marehemu baba. Kwa Godelieve: watu kumi na wanane kwenye foleni. Kwangu: njiwa.

Lakini nimegundua jambo! Watu wa mji wetu huu wa Lier hawafuati chipsi, wanafuata foleni. Wakiona kumi wamesimama, wa kumi na moja anajipanga kwanza, anauliza baadaye. Kumbe sihitaji chipsi nzuri. Nahitaji foleni.

Nimempigia simu shemeji Fons, mpiga tarumbeta kubwa katika bendi ya mtaa. Watu kumi na wanne, wote walafi. Aliuliza watapata nini. Nikasema chipsi zangu, bure, kadiri wawezavyo kula. Akauliza kama hakuna kitu kingine. Tumekubaliana na bia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mazoezi. Kila mmoja anachukua chipsi, anazunguka kanisa, anarudi mkiani kama mtu mpya. Mzunguko wa kwanza, safi kabisa. Wa pili, manung'uniko. Wannes wa ngoma aliinua moja juu, ikaning'inia. "Bwana Odiel, hizi za kula au za kufungia viatu?" Wakacheka wote, na Fons kuwashinda. Mtu wa ukoo!

Mzunguko wa tatu walirudi haraka mno, mikono mitupu. Nilikwenda nyuma ya kanisa kuchungulia. Njiwa hawajiwezi kwa shibe.

Ijumaa, 10 Oktoba
Godelieve kashtuka. Amempa Mit bakuli la nyama iliyopikwa kwa bia nyeusi, pamoja na salamu: amesikia nina wageni wengi siku hizi, asingependa washinde na njaa. Kejeli! Na huenda ni sumu. Nikamwita Fons aonje kwanza. Nilingoja robo saa nione kama ataanguka. Hakuanguka. Alimaliza bakuli, akalifuta kwa mkate, machozi yakamlengalenga. Nikamuuliza kama tumbo linamkata. Akasema hapana, amemkumbuka mama yake.

Jumamosi, 11 Oktoba
Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Foleni ikihudumiwa haraka inaisha. Ikihudumiwa polepole inarefuka! Kesho kila mteja atangoja dakika saba. Nitafuta kaunta. Nitatafuta chumvi. Nitauliza habari za shangazi zao.

Mit alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Yaani watu wapumzike nusu saa, ila viazi visipumzike?" Sikuona uhusiano wowote.

Jumapili, 12 Oktoba
Nina hasira hata kalamu imetoboa karatasi.

Ilianza vizuri mno. Saa tano bendi ilijipanga, imevaa sare kwa ajili ya gwaride la alasiri. Nikafuta kaunta. Wapita njia wakaona foleni, wakajiunga, wengine nyuma yao. Ishirini! Thelathini! Saa sita kasoro robo ilikuwa imepita chemchemi ya maji, imekata kona, na bado inakua. Nililia kidogo, kwa furaha.

Hesabu moja tu sikuipiga. Uwanja ni mdogo. Mkia wa foleni yangu ulifika mlangoni kwa Godelieve.

Wa mwisho walinusa. Mmoja akageuka. Godelieve akamkaribisha kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Karibu mwanangu, zimeiva, ya nini kusimama juani?" Akageuka wa pili. Basi, wote wakageuka mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa Fons, aliyekuwa wa kwanza dirishani pangu. Nikamshika mkono. Akasema, "Shemeji, nisamehe, nina njaa ya kweli." Hivyo saa sita kamili watu arobaini na wawili walikuwa wamenipa mgongo, kwa mpangilio mzuri ajabu, na wa thelathini na moja alikuwa mwanamke mwenye daftari. Ndiye ofisa! Alikuwa amefika mapema, akasimama kwangu dakika arobaini, na sikuwahi hata kumuuliza habari za shangazi yake.

Mit akavua aproni, akatoka. Nikajua anakwenda kuwarudisha. Akajipanga mkiani.

Alirudi na chipsi katika koni ya karatasi, akazila mbele yangu, akanipa moja. Nje inavunjika, ndani laini. Nikalamba vidole. Bendi ilimpigia Godelieve nyimbo tatu.

Jumanne, 14 Oktoba
Barua. Godelieve anabaki. Mimi niondoke kabla ya Krismasi. Nimeumia, sifichi.

Jioni Mit akaniambia Godelieve amempa kazi jikoni kwake, naye amekubali, anaanza kesho. Alisema hivyo akiangalia pembeni, akitarajia nipige kelele. Nikamkumbatia! Hatimaye nina mtu wangu ndani! Wiki moja tu, na siri ya yule mjane iko mfukoni mwangu. Nikamwagiza apeleleze mafuta, karatasi, hata chumvi.

Mit akavua viatu. Akasema siri anaijua tayari: viazi vipumzike nusu saa.

Maskini mke wangu. Hata kazi hajaanza, na Godelieve ameshamfundisha kunidanganya.