Mafuta Mazito Kwenye Taa za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo akili imenifikia. Ng'ambo ya barabara, fundi rangi tunayemwita Profesa ameshinda na taa mbili za gari moja. Msasa wa kukwaruza, msasa wa maji, msasa laini, mwisho akapuliza vanishi ya kuzuia jua. Siku nzima! Mimi, kwa gari la mteja wangu upande huu, nilitumia dawa ya mbu na kitambaa. Puliza, futa, basi. Taa iliyokuwa ya manjano ikang'aa kama mpya. Mwenye gari akaniita mtaalamu, nikamwomba arudie kwa sauti ili Profesa asikie.

Jumanne, 4 Machi
Profesa amevuka barabara kunipa somo nisiloliomba. Ati dawa ya mbu haisafishi plastiki, inaiyeyusha juu juu tu, na baada ya siku mbili taa itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikamwambia wivu haumfai mtu wa umri wake. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akarudi kwenye msasa wake. Mzee wa watu, ana maneno.

Jumatano, 5 Machi
Dada, ambaye ananihifadhi kwenye chumba chake cha stoo, ameniita jikoni. Mumewe huendesha gari la kiwanda cha mikate na hutoka kabla hakujapambazuka. Taa zimefifia. Wiki iliyopita nusura amgonge mama mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara, na tangu hapo halali vizuri. Dada akauliza, kwa aibu, kama Profesa angekubali kuzitazama. Nilinuna hadi jioni. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenitetea: kwa nini ampe mgeni kazi wakati ndugu yupo?

Alhamisi, 6 Machi
Nimezimaliza kabla chai haijapoa. Shemeji akawasha taa mbele ya ukuta, akasema anamwona hata sisimizi. Dada akanipa mnofu ambao siku zote huwa wa mumewe. Niliula wote.

Ijumaa, 7 Machi
Mchana taa ya kushoto imeingia ukungu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ya kulia inafuata. Nilikwenda kumwambia Shemeji, kweli nilikwenda, nikafika hadi mlangoni. Nikamkuta anamsifia jirani mikono yangu. Sasa hapo mtu aseme nini? Nikachukua mafuta ya kupaka ya Dada, nikazisiriba taa zote mbili. Mng'ao ukarudi. Jioni Shemeji akaenda kupakia mzigo, anapiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisahau kwamba mzigo wa Ijumaa ni unga.

Vumbi la unga lilinasa kwenye mafuta, umande ukalilowesha, joto la taa likalikausha. Alfajiri, kwenye kona, Shemeji alimwona mtu akiwa hatua tatu mbele yake. Akamkwepa. Mtu yule mzima. Gari limo mtaroni, na Shemeji amevunjika mguu mara mbili, juu na chini ya goti. Daktari hajui kama ataendesha tena.

Mwenye kiwanda alizikwaruza taa kwa ukucha. Ukoko mtupu, kama chini ya sufuria. Akanitazama. Profesa naye alikuja, akavua kofia tu. Afadhali angenitukana. Aliyepuuza la mkuu ni mimi, na guu langu zima.

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Shemeji kanishika mkono, akasema nisijilaumu, giza lilikuwa zito. Dada hakugeuza uso kunitazama. Aliniambia tu, akiangalia dirisha, kwamba mumewe hana kazi nyingine anayoijua.

Nikatoka nje nikalia. Nililia kweli, nimeegemea gari la wagonjwa. Nilipojifuta machozi nikaona taa zake: manjano, zimechubuka, aibu tupu. Dereva akalalamika kwamba kesho alfajiri anapeleka mgonjwa hospitali kuu na njia haioni vizuri. Nikamwambia Mungu amemletea mtu.

Kopo la dawa ya mbu bado lina nusu. Kosa langu nimeshalijua: mafuta yale yalikuwa mazito mno. Safari hii nitapaka mepesi.