Vita vya Vidato Vitano

Ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiusimamisha ukingo wa ngazi yetu, chuma au rangi? Enyi mliokaa na mliosimama, wekeni vikombe mezani mnisikilize, kwani asubuhi ile nilipotoka mlangoni, brashi ya waya mkono wa kuume na tindo mkono wa kushoto, kitambaa kikinifunika pua mithili ya deraya, swali hilo sikuwa na jibu lake.

Mbele yangu vilijipanga vidato vitano vya saruji, vilivyobabuliwa na jua na kutafunwa na mvua, vikiambuka rangi kama nyoka anayejivua gamba. Ubavuni mwake ulisimama ukingo wa chuma, mkongwe mwenye kutu, ambao Bibi, Malkia wa Jua la Asubuhi, aliushika kila siku alipoteremka kuota jua.

Kila wageni walipokaribia, Mjomba, aitwaye Kopo Moja kwa kuwa hakuna kazi iliyowahi kumdai kopo la pili, aliupaka rangi mpya juu ya kuukuu, na kutu ikazikwa kwa heshima zote. Na wageni walikuwa njiani: wakwe watarajiwa wa dada yangu, Jumamosi.

"Msomi," alinguruma Mjomba kutoka kitini, "chuma hakihojiwi. Kipake kinyamaze!"

"Umekinyamazisha mara ngapi, Mjomba?"

"Tangu hujazaliwa. Kimewahi kulalamika?"

Nikashambulia. Ikaanguka kijani ya harusi yake, ikafuata buluu ya mwaka niliozaliwa, likasambaratika jeshi la kahawia ambalo hakuna aliyekumbuka lilitoka vita gani. Vumbi likanigeuza tofali. Malengelenge mawili yakanichomoza kiganjani, nishani zangu za kwanza. Adhuhuri nikaufikia mguu wa mwisho, pale chuma kinapozama katika saruji. Nikaugusa kwa ncha ya tindo, kistaarabu kabisa, na ncha ikatokea upande wa pili.

Ndani hamkuwa na chuma. Mlikuwa na matabaka saba ya rangi yaliyoshikana mikono kishujaa. Ukingo ukayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Mama akatoka mbio. "Ole wetu! Paka upesi! Keshokutwa wageni, wataona nini?"

"Si nilisema kisihojiwe?" alisema Mjomba, naye keshafungua kopo.

Ndipo Bibi, aliyezuiliwa ndani tangu asubuhi na uvumilivu umemwisha, alipotokeza, akaunyoosha mkono kwa mazoea ya miaka. Nikajitupa kati yake na ukingo. Mkono ukatua begani kwangu.

"Una vumbi, mjukuu wangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Ila hutikisiki. Haya, twende."

Basi na iandikwe, na wajukuu wa wajukuu waisome: vidato vitano, kimoja baada ya kingine, Malkia aliviteremka vyote, akaketi juani, akadai chai. Mama alitazama mkono ule ulioshika bega langu, kisha mguu ule uliotoboka.

Nikachukua mfuniko, nikalifunga kopo la Mjomba, nikawageukia wote watatu.

"Leo hatupaki. Kesho namwita fundi wa kuchomelea aweke mguu mpya. Asipomaliza, wageni watapita mlango wa jikoni."