Kaya ya Ishirini na Moja

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kikao cha Umoja wa watu wa Kwemdimu, chumbani kwa mwenyekiti wetu Mzee Bakiri, hapa Bellevue, Sauzi. Kuna mfadhili atachimba kisima kijijini. Kwanza anataka kujua kaya ya kawaida ilipata kiasi gani kwa mwezi mwaka 2015, 2020, na mwaka huu. Si ya tajiri, si ya fukara. Unapanga kaya zote arobaini na moja kwa mstari, kuanzia yenye kidogo mpaka yenye kingi, unachukua ya ishirini na moja. Mwenye hesabu nzuri atakatiwa tiketi ya ndege aipeleke Desemba.

Tiketi ya ndege! Sijamwona mama miaka tisa. Nikanyoosha mkono Mzee hajamaliza kusema. Twalib naye akanyoosha. Fundi cherehani yule, mtu wa kuuliza-uliza. Hanitishi.

Nimerudi nikalala chali. Dirishani mijakaranda imeanza kuchanua. Nikajiona nateremka stendi ya Muheza na begi la magurudumu, mama yuko barazani anamenya machungwa. Harufu niliisikia kabisa. Meza yangu ya makava ya simu nikaifungua saa tisa alasiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepiga simu kaya zote. Kila moja nilijitambulisha: Luqman wa Sauzi. Basi hapo ndipo nilipoharibu. Mtu wa Sauzi akiuliza kipato, wenzangu wanajua hela iko njiani. Hakuna mwenye kitu. 2015 hawakuwa na kitu, 2020 vilevile. Hata mwenye mashine ya kusaga na bodaboda mbili amesema analala njaa. Kaya ya katikati: sifuri. Miaka kumi, sifuri.

Nimeandika: hali ya kijiji imetulia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ujanja mpya. Nimebadilisha laini, nikaifanya sauti nzito, nikasema natafuta kaya zenye kipato kizuri za kupewa mkopo usio na riba. Loo! Kufika magharibi Kwemdimu imetajirika. Yule wa kulala njaa sasa ana mashine tatu. Kaya ya katikati inamshinda Mzee Bakiri na spaza yake, kiduka chake cha mtaani. Eish.

Nikatafakari. Nikachukua sifuri, nikachukua utajiri, nikajumlisha, nikagawa kwa mbili. Haki kwa pande zote.

Nasikia Twalib haulizi hela hata kidogo. Anauliza magunia mangapi ya machungwa yameuzwa, kuku wangapi, nani ana mtoto nje na anatuma mara ngapi. Watu wanamsimulia mpaka salio linaisha. Nimemhurumia.

Jioni nikapanda kilima cha Observatory kupumzisha akili. Mji wote chini yangu, rangi ya zambarau. Nikakaa pale namchagulia mama kanga. Doti nne. Nilipofika kwenye ya tano mvua ikanyesha.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilisoma wa kwanza. Mzee Bakiri akauliza kama na yeye afunge spaza arudi Kwemdimu kutajirika. Walicheka mpaka Bi Mwatumu, mweka hazina wetu, akamwaga chai.

Kisha Twalib. 2015: shilingi laki moja. 2020: laki moja na nusu. Mwaka huu: laki mbili kasoro kidogo. Kijiji kinapanda. Watu wakaridhika. Akaongeza kwamba ya ishirini na moja mwaka huu ni kaya ya mjane mmoja mwenye michungwa saba. Mwaka 2020 alikuwa wa thelathini na tano, karibu na wenye nacho. Wenzake wamepanda, yeye ameshuka, maana mwanawe aliyeko nje alikuwa anatuma kila mwezi na sasa hajatuma tangu Ramadhani.

Hakutaja jina. Michungwa saba ninaijua, miwili nimeipanda mimi. Niliona aibu. Nilitazama kikombe mpaka kikao kikaisha.

Tiketi amepata Twalib. Mlangoni akanivuta pembeni, akaniuliza taratibu kama nina mzigo wa mama. Nikamwambia kanga zake nitampelekea mwenyewe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama kapiga. Ameuliza naja lini. Nikasema karibuni, Umoja unanituma. Akasema Twalib alimuuliza mwanawe anapata kiasi gani kwa mwezi, akashindwa kujibu. Basi akauliza, napata kiasi gani?

Nikasema hali ngumu, mama, sipati kitu.

Akasema pole mwanangu, atauza kuku wawili anitumie. Nikamwambia mmoja anatosha.

Mfadhili atataka hesabu tena mwaka 2030. Nimeshaiandika, safari hii sikumpigia mtu. Mama ni wa arobaini na moja.