Grini Zangu Hazitobolewi

Jumatatu, 13 Januari
Joto la kiangazi. Mkuu wa viwanja anastaafu. Meneja wa klabu ya gofu amesema atakayeng'arisha grini zake siku ya mashindano ndiye atakayerithi cheo. Tumebaki wawili: mimi upande wa juu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, upande wa chini. Grini ni vile viwanja vya nyasi fupi vyenye shimo na bendera. Zangu laini kama shuka jipya. Adhuhuri nimejilaza pale, nikajiona naitwa mkuu. Usingizi mtamu. Nimeamshwa na maji ya kumwagilia.

Jumatano, 15 Januari
Shemeji ameleta mashine ya kutoboa. Anadai udongo umeshindiliwa na viatu, mizizi inakosa pumzi. Grini zake sasa kama uso wa mwenye tetekuwanga! Wachezaji wananung'unika. Nimemsifu sana. Mke wangu anasema kaka yake anajua kazi. Nimemjibu mwenye macho haambiwi tazama.

Jumapili, 19 Januari
Nyasi zangu zimegeuka rangi ya biskuti. Namwagilia, maji hayashuki. Yanakaa juu, yanabeba taswira ya mawingu, kisha yanatiririka pembeni. Yanapendeza, sikatai. Nimeyatazama hadi jioni. Kule chini vitundu vimejifunga, nyasi zimenona. Wivu umenikaba. Shemeji amekuja kuniazimisha mashine yake. Nimemwambia nina dawa yangu. Stoo kuna rangi ya kupakia mageti. Kijani.

Jumamosi, 25 Januari
Mashindano. Alfajiri grini zangu ziling'aa, hata mimi nikasahau nani amezipaka. Kumbe rangi haijakauka. Mipira ikawa kijani, ikapotea nyasini. Meneja akapiga goti kupima mpira wake, akainuka na suruali nyeupe yenye goti la kijani. Cheo amepewa shemeji. Imeniuma sana. Nyumbani, mke wangu amempigia kaka yake vigelegele mbele yangu.

Jumatatu, 27 Januari
Mkuu mpya ameniita kwa upole. Ameniomba nizitoboe grini zangu taratibu, kwa uma wa bustani, zipate kupona. Nimeitikia, nikaenda kukaa kivulini. Upepo mwanana, bendera inapepea, mawazo yakaja yenyewe. Kama vitundu vidogo vimempa mtu ukuu, vikubwa vitampa nini? Aliye juu mngoje chini. Uma nimeurudisha stoo. Nimechukua sululu.