Muuzaji Wako Aliyenishauri Spika Ndogo

Ndugu Meneja wa Duka la Redio na Spika,

Pole na kazi. Natumaini wateja ni wengi na umeme haukatiki. Mimi ni fundi seremala, milango hasa, mwaka wa kumi na nne sasa, na si mtu wa kulalamika ovyo. Lakini kwa niliyotendewa na muuzaji wako, yule kijana mrefu wa kaunta ya spika, nimeshindwa kunyamaza. Nakiri mapema kwamba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nasema hivyo usije ukadhani nina chuki naye.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliniambia ukweli. Nilikuja dukani kwako nimenyoa, nimevaa vizuri, nikamwonyesha seti ile ya dirishani: spika mbili zinazonifika kifuani, na sabufa ambayo mtu angeweza kuilalia. Badala ya kuniitia mchukuzi, akaniuliza chumba chetu kina futi ngapi. Ndugu Meneja, mtu huyu amekula kwetu mara zisizohesabika, amekaa ukingoni mwa kitanda na sahani magotini kwa sababu meza haina pa kukaa. Anajua fika ni futi kumi kwa kumi. Kuniuliza mbele ya wateja wengine kulikuwa na maana gani? Kisha akasema, kwa sauti ya daktari, "Shemeji, chumba chako kinataka spika mbili ndogo, juu ya rafu, mbali na kona." Nilimwelewa vizuri sana. Alimaanisha dada yake ameolewa na mtu wa spika ndogo.

2. Hakunikatalia vya kutosha. Mara mbili tu alinieleza kwamba besi nyingi kwenye chumba kidogo hujazana konani, ikabaki kunguruma na maneno ya wimbo yasisikike. Akaniwashia zile ndogo, nazo zilisikika vizuri mno, jambo lililoniudhi zaidi. Nilipokunja uso akaandika risiti. Muuzaji mwenye uchungu na mteja angelala chini mlangoni nisipite. Wako alinisaidia kufunga kamba.

3. Hakunikumbusha mlango. Hapa naomba unisome polepole, maana watu wananicheka. Nilipima, Ndugu Meneja. Nilipima upana wa fremu, nikapima spika, nikaona inapita na kidole kimoja kinabaki, na kweli ikapita. Nilichosahau ni kwamba mlango wetu hufungukia ndani. Kitanda huku, kabati kule, spika ya pili ikakosa pa kwenda ila nyuma ya mlango, na tangu hapo mlango unafunguka shubiri moja na nusu. Mimi mwembamba, napita kwa ubavu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Alirudi kutoka kliniki akanikuta ndani. Akajaribu kuingia kwa upande wa kulia, akajaribu wa kushoto, halafu akasimama. Mimi nikaongeza sauti ili asikie kutoka huko nje jinsi tulivyopendeza. Akasubiri wimbo uishe, hakugomba hata kidogo. Akasema, "Nitarudi siku mlango utakapofunguka wote." Akaenda kwa mama yake. Leo ni wiki ya tatu, na mtoto hangoji fundi. Mlango huo niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo aibu yake pia naikabidhi kwa duka lako.

4. Nilijaribu kusahihisha kosa lenu. Niligeuza bawaba ili mlango ufungukie nje, kwenye ukumbi. Siku ya kwanza ukampiga jirani yetu, mwalimu mstaafu, akiwa na ndoo ya maji. Nikaurudisha. Mwalimu anasema vikombe vyake hutembea rafuni kila nikiwasha, ila ni mtu wa heshima, hunisalimia bado, kwa mkono tu.

Kwa hiyo nadai haya. Kwanza, shemeji apewe onyo kali kwa kusema kweli wakati wa kazi. Pili, duka lako lizungumze na mwenye nyumba, ukuta wa mwalimu ubomolewe, yeye atafutiwe kwingine, chumba changu kilingane na duka lako, ambamo seti hii ilisikika vizuri. Tatu, uandike barua yenye mhuri kwa mke wangu na mama mkwe kwamba seti iliyochaguliwa ni kosa la duka. Ukikataa nitalifikisha suala hili mbele zaidi, ingawa bado sijui mbele ni wapi.

Nisalimie keshia, mlinzi, yule mama anayefuta vumbi spika, na wafanyakazi wote isipokuwa mmoja.

Wako niliyebanwa mlangoni,
Fundi Milango

Nyongeza: Tafadhali shemeji asiione barua hii. Ndiye anayenipitia kila akitoka kazini kuniambia dada yake ameamkaje, na hajawahi kunitajia spika hata siku moja. Seti nimeizima tangu juzi, kwa sababu ikiwaka siwezi kusikia kama kuna mtu anasukuma mlango. Sasa iko ukumbini, mwalimu ananilindia, na kesho nawaletea. Mwambie tu shemeji aniwekee zile ndogo. Rafu nimeshaipigilia, mbali na kona. Na mlango nimeujaribu asubuhi hii mara nne: unafunguka mpaka ukutani. Hilo peke yake anaweza kumwambia dada yake.