Kigurudumu cha Baba Kina Miaka Mingapi?

Jumatatu, 1 Juni 1970. Malindi, Lushoto.

Matanga yameisha. Nimerithi! Koti lililotoboka kwapani, jembe moja, na kile kigurudumu cha chuma ambacho baba alipewa na Mzungu wake. Ni cha kuzungushia mshipi wa kuvulia samaki. Mzungu yule alikuwa akivua mto Mkuzu kwa ndoana iliyofungwa manyoya, samaki adhani ni inzi. Baba alikuwa anambebea kapu.

Nimekitia mfukoni, nimekaa zangu. Mara Paskali, mtoto wa baba mdogo, kasimama mbele ya ukoo mzima. Kasema yeye si mtoto wa baba mdogo, ni mtoto wa baba mkubwa! Eti baba yake ndiye aliyezaliwa kwanza, na baba yangu alishika ukuu wa ukoo kwa kuwa tu alibaki hai peke yake. Nimepigwa na butwaa. Msiba haujapoa!

Mkuu wa ukoo ndiye mwenye neno juu ya ardhi. Na Paskali keshatangaza: akipata ukuu, bonde langu la kabichi atalitoa liwe shamba la ujamaa, ili ukoo wetu uonekane una mwamko. Bonde langu! La kwake la viazi hakulitaja.

Wazee watakata neno Jumapili.

Jumanne, 2 Juni.

Nimepata! Kila mtu anajua kwamba wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, baba yake Paskali alikimbizwa porini mgongoni mwa mama yake, bado ananyonya. Na kila mtu anajua kwamba baba yangu alipewa kigurudumu mwaka alioanza kunyoa ndevu. Basi! Kama aliyempa ni Mjerumani, ilikuwa kabla ya vita. Baba ana ndevu, mwenzake yuko mgongoni! Kama aliyempa ni Mwingereza aliyekuja miaka mingi baadaye, nimekwisha.

Nimekwenda kwa shangazi Efrazia, dada yao pekee aliyebaki. Nimemwuliza Mzungu yule alikuwa wa taifa gani. Kasema alikuwa na ndevu nyekundu na pilipili ilikuwa inamshinda. Ahsante sana, shangazi.

Jumatano, 3 Juni.

Nimekisugua kwa majivu. Masizi yametoka, na chini yake, Yesu na Maria! Maandishi! Herufi za Kizungu na namba zilizokwisha nusu. Sikuelewa hata neno. Niliishia darasa la tatu, na huko tulilima zaidi ya kusoma. Lakini Kizungu ni Kiingereza, kitakuwa nini kingine? Na Paskali anasoma Kiingereza. Akiyaona tu, kwaheri bonde.

Nimeazima tupa kwa fundi baiskeli. Haikuchukua muda, pamekuwa laini kama kisigino cha kichanga. Kisha nimekitundika juu ya jiko kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu, kizeeke vizuri. Jenoveva, mke wangu, kaniuliza kama nimerogwa. Mwanamke hana subira.

Alhamisi, 4 Juni.

Nimeondoka alfajiri kwa miguu, ukungu hata njia huioni, mpaka Gare. Pale misheni yuko bruda mzee, fundi wa saa, Mjerumani. Nilitaka aseme tu mbele ya Mungu kwamba kitu hiki ni cha zamani.

Kakiweka chini ya kioo chake. Kakigeuza. Kasema skrubu hizi anazijua, ni za kwao. Kasema mafundi wa kwao walikuwa wakichonga jina na mwaka hapa, hapa hasa. Kidole chake kikatua palepale nilipopiga tupa! Kasema bila maandishi hawezi kuapa. Kisha kauliza ni mpumbavu gani aliyepakwangua. Nikasema ni Paskali. Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe.

Nimelia njia nzima. Kilikuwa Kijerumani! Ushahidi wangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe!

Ijumaa, 5 Juni.

Machozi ya nini? Kilichofutwa si huchongwa tena? Msumari, nyundo, herufi mojamoja, ulimi nje kutwa nzima. Yamependeza kuliko yale ya kwanza. Sasa hata mtoto atayasoma.

Jumapili, 7 Juni.

Siandiki kitu leo. Aibu.

Naandika. Nimekiinua mbele ya ukoo kwa mikono miwili. Paskali kaomba akione. Kavaa miwani, kasoma kwa sauti: IMETENGENEZWA UJERUMANI 1908. Kisha kwa upole, na upole wa Paskali ni sumu, kaniuliza tangu lini viwanda vya Ujerumani vikaandika Kiswahili.

Nimesema Wajerumani wa zamani walikipenda sana.

Wamecheka mpaka wazee wakashikana mabega. Paskali kapewa ukuu. Bonde limekwenda. Jenoveva kachukua kapu akaenda bondeni peke yake kukata kabichi zilizokomaa. Hilo limeniuma kuliko kicheko chote.

Jumatatu, 8 Juni.

Shangazi Efrazia kaja asubuhi. Shikamoo, marahaba, kafungua pindo la kanga, katoa karatasi. Cheti cha ubatizo cha baba! Umri: miaka kumi na minne. Mwaka: 1909. Nimekaa chini. Miaka mitano kabla ya vita, baba ni kijana wa kubatizwa, na baba yake Paskali hata hajazaliwa!

Nimemwuliza kwa nini hakukitoa jana. Kasema hakuna aliyemwuliza, tulikuwa tunabishania chuma. Keshawapitia wazee, watakaa tena Jumapili. Kaniambia nikitunze na nisikiguse.

Bonde linarudi! Jenoveva kacheka, kanipikia viazi na maharage.

Nimekitazama cheti mchana kutwa. Kiko sawa kabisa. Ile tisa ya mwisho tu imefifia kidogo, na Paskali ni mtu wa ubishi. Nimeazima kalamu ya wino kwa mwalimu, niikoleze kidogo tu.

Nimeikoleza. Wino umeenea kidogo, umefunika mwaka wote na nusu ya jina la baba. Si neno. Ukikauka nitaukwangua kwa wembe.