Kitunguu Kimoja kwa Kila Kishikwambi

Kwa niaba ya Idara ya Elimu ya Kidijitali, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Mkakati wa Kitunguu Kimoja kwa Kila Kishikwambi umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Mimi ndiye Afisa Mkuu wa Uhakiki wa Taarifa, kwa hiyo takwimu hizo nimezihakiki mwenyewe, kwa macho yangu, nikiwa nimekaa.

Mkakati ulianza na ujumbe ulioingia kwenye simu yangu kutoka kwa Mkurugenzi. Ulisema kitunguu kilichokatwa, kikiwekwa kando ya kishikwambi, hunyonya mionzi yote inayowapumbaza watoto. Chini palikuwa na picha ya profesa mwenye koti jeupe. Wapo watu wepesi wa kubisha, lakini juu yake paliandikwa kabisa: "Umesambazwa mara nyingi." Sisi watu wa ofisi tunajua maana yake. Faili lililopita meza nyingi ni faili zito. Sasa ujumbe uliopita simu nyingi namna hiyo, mimi ni nani niutilie shaka?

Ndani ya wiki moja kila dawati lilikuwa na kishikwambi kushoto, kitunguu kulia. Matokeo yalionekana papo hapo. Nilipopita madarasani kusoma hotuba yangu, wanafunzi walitokwa na machozi mpaka mstari wa mwisho. Sijawahi kueleweka vile maishani mwangu.

Aliyetaka kututia doa ni mwalimu wa darasa la sita. Vitunguu vyake alivirudisha ofisini ndani ya mfuko, na kikaratasi: "Watoto hawaoni ubao." Tena huyu ndiye anayefundisha kupima habari za mtandaoni, na vishikwambi anavitumia kweli, si kama wenzake wanaovifungia kabatini kwa heshima. Ukaidi wa aina hiyo una dawa moja tu. Nikamchapia barua ya uhamisho kwenda shule ya mwisho kabisa, kule barabara inakokata tamaa kabla ya kufika. Mama yake ni mgonjwa na anamuuguza hapa hapa mjini. Hilo nililizingatia, nikampa aya nzima ya pole.

Jumatano tukaenda na Mkurugenzi kumkabidhi barua mbele ya darasa, iwe fundisho.

"Mwalimu, una la kusema?" Mkurugenzi akauliza.

"Sina, mheshimiwa. Ila tuko katikati ya kipindi. Watoto wanatafuta ule ujumbe wa vitunguu umetoka wapi. Karibuni mkae kwanza."

Tukabanana kwenye dawati la nyuma, magoti kidevuni. Msichana mmoja, ambaye wenzake wanamwita Kwanini, akasimama na kishikwambi chake.

"Shikamooni. Huyu profesa tumeitafuta picha yake. Yuko kwenye tangazo la rangi za nyumba. Hapa anapaka ukuta."

"Kwani profesa haruhusiwi kupaka ukuta?" nikauliza. Watoto wakatazamana. Nikajua nimewabana.

"Sawa, mzee," akasema Kwanini. "Wewe ujumbe uliupata kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi," nikajibu kwa fahari.

Vichwa arobaini vikageuka. "Na wewe, mheshimiwa?"

Mkurugenzi akalegeza tai. "Chanzo changu ni cha kuaminika sana. Ni mama mkwe."

"Basi tumpigie," akasema mwalimu kwa adabu zake zote. "Ndivyo tunavyofanya hapa. Tunamuuliza mwenyewe."

Mtu na akili zake hawezi kukataa kumpigia mama mkwe mbele ya watoto wa watu. Akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo huko?"

"Hawajambo. Mama, ule ujumbe wa vitunguu, ulijuaje kuwa ni kweli?"

"Nijue mimi? Mimi nilikutumia nikuulize wewe. Si ndiyo kazi yako? Nikaandika na chini, 'Baba, hili lina ukweli?' Ukanijibu, 'Limepokelewa, linafanyiwa kazi.' Nikasema basi, serikali imethibitisha. Nikawatumia kikundi kizima cha ushonaji."

Kwanini akaenda ubaoni, akaandika taratibu: Aliyethibitisha: Mkurugenzi. Kisha akapiga mstari chini kwa rula.

Barua ya uhamisho ilikuwa imeshasajiliwa, na barua iliyosajiliwa haifutwi. Wakubwa wa juu walipopata habari, wakaamua kwa busara kubadilisha jina tu. Ilibidi wabane maandishi kidogo, maana majina ni mawili.

Taarifa hii naiandikia huku huku barabara inakokata tamaa. Mimi na Mkurugenzi tumepewa stoo, pamoja na magunia thelathini na nane ya vitunguu vilivyobaki. Mwalimu wa darasa la sita hututumia mazoezi ya kupima habari kila Ijumaa, na Mkurugenzi bado amekwama kwenye swali la kwanza. Wageni wakichungulia hutukuta machozi yanatutoka. Tunawaambia ni vitunguu.